Kuchukua si kuiba: barua ya wazi kwa majaji, mahakimu na waendesha mashtaka

Waheshimiwa majaji wa rufaa, waheshimiwa mahakimu, wakuu wa mashtaka, na ninyi mawaziri mliokabidhiwa sheria na bajeti za mahakama,

Salamu kwenu. Sehemu kubwa ya maisha yangu nimekuwa mkalimani wa mahakama. Nilisimama kati ya kizimba na meza ya hakimu, Kiswahili cha mshtakiwa nikikigeuza kuwa Kiingereza cha kumbukumbu, na Kiingereza cha hakimu nikikirudisha kwa Kiswahili. Katika kesi za wizi yako maneno mawili yaliyopita kinywani mwangu karibu kila siku: kuchukua na kuiba. Ninawaandikia kwa sababu nimeona watu wakifungwa kwa ushahidi wa neno la kwanza huku hukumu ikitaja la pili.

Nianze na kosa langu mwenyewe.

Asubuhi moja aliletwa kijana fundi wa vyuma. Hati ya mashtaka ilikuwa na mistari mitano tu: kwamba siku fulani, mahali fulani, aliiba grainda moja, mali ya mwajiri wake. Nikamsomea. Hakimu akauliza, ni kweli au si kweli? Kijana akashika ukingo wa kizimba kwa mikono miwili, akasema: "Ni kweli niliichukua mheshimiwa, kuna geti la mtu nilikuwa nalimalizia nyumbani, Jumatatu asubuhi ningeingia nayo kazini." Alisema kwa haraka, kama mtu anayeogopa kukatizwa. Benchi la nyuma lilikuwa limejaa mahabusu wengine wanaosubiri zamu yao. Hakimu aliinua kalamu akanitazama, na mimi nikasema kwa Kiingereza: anasema ni kweli, aliichukua. Kalamu ikashuka, ikaandika kwamba ni kweli, ikaweka nukta.

Habari ya Jumatatu sikuitafsiri. Niliiona kama maombi ya kupunguziwa adhabu, nikaiweka akiba kwa ajili ya baadaye. Baadaye yenyewe haikufika. Mwendesha mashtaka alisoma maelezo ya kosa: grainda ilitoweka karakanani Ijumaa jioni, polisi waliikuta Jumapili nyumbani kwa mshtakiwa, mshtakiwa hakuwa na ruhusa. Kijana akaulizwa kama maelezo hayo ni sahihi. Akasema ni sahihi, na kweli yalikuwa sahihi, neno kwa neno. Hakuna hata sentensi moja humo iliyosema alikuwa na mpango gani na ile mashine. Akatiwa hatiani kwa kukiri kwake mwenyewe, akapewa miezi sita.

Waheshimiwa, ile Jumatatu ndiyo iliyokuwa kesi yote.

Mnalijua hili kuliko mimi, lakini niruhusuni niliseme kwa faida ya wasomaji wengine wa barua hii. Wizi una sehemu mbili. Ya kwanza ni kitendo: kuchukua mali ya mtu bila ridhaa yake. Ya pili iko moyoni. Kanuni za adhabu za Kenya, Uganda na Tanzania, ambazo zimetoka shina moja, zote zinasema mtu anaiba pale anapochukua kwa udanganyifu na bila kudai haki, yaani bila kuamini kwa dhati kwamba ana haki nayo, kisha zinaeleza udanganyifu huo ni upi: kukusudia kumnyima mwenye mali mali yake moja kwa moja, au kukusudia kuiweka rehani, au kuitoa kwa sharti la kurudishwa ambalo mchukuaji huenda asilitimize, au kuifanya isiweze kurudi katika hali iliyokuwa nayo. Uingereza, kwa Sheria ya Wizi ya 1968, inataka mambo mawili ya moyoni kwa pamoja: kutokuwa mwaminifu, na kukusudia kumnyima mwenyewe kabisa. Ujerumani inataka nia ya kuifanya mali iwe yako au ya mtu mwingine, na kwa anayechukua gari au baiskeli ya mwenzake akaitumia tu bila ruhusa, imeweka kosa jingine lenye jina lake na adhabu yake. Nchi mbalimbali, lugha mbalimbali, na zote zimekataa kumwita mwizi kila aliyekutwa na kitu cha mtu.

Hata hivyo, sheria haimwachii kila mwenye kusema "ningerudisha". Kwa upande wa fedha, kanuni zile tatu nilizozitaja zinasema wazi kwamba anayechukua pesa ya mwenzake kwa nia ya kuitumia apendavyo ameiba, hata kama alidhamiria kulipa baadaye. Mahakama za Uingereza zilifika hapo hapo mwaka 1989 katika kesi ya Velumyl, mtu aliyechukua pesa kwenye sefu ya kampuni yake akisema angezirudisha rafiki yake atakapomlipa deni. Noti atakazorudisha hazitakuwa zile zile. Lakini grainda ni grainda. Inayoondoka Ijumaa ndiyo inayorudi Jumatatu. Kijana wangu huenda alistahili kufukuzwa kazi. Huenda alistahili kumlipa mwajiri kwa matumizi ya mashine. Kama alistahili kuitwa mwizi ni swali ambalo lilipaswa kuulizwa, na halikuulizwa na yeyote kati yetu sisi watatu tuliokuwa tukilipwa mshahara ndani ya chumba kile.

Kuna kesi moja ya Marekani ambayo ningependa kila hakimu mpya aisome kabla hajakabidhiwa ofisi. Desemba 1948, katika jimbo la Michigan, Joseph Morissette, mtu aliyekuwa akinunua na kuuza vyuma chakavu, alikwenda kuwinda kwenye eneo la serikali ambalo jeshi la anga lilikuwa likilitumia kwa mazoezi ya kudondosha mabomu. Hakupata mnyama. Alichokiona ni maganda ya mabomu ya mazoezi yaliyorundikwa chungu chungu, yakiota kutu, hakuna anayeyajali. Akaona angalau arudishe gharama za safari. Alipakia karibu tani tatu kwenye lori lake, akayapondaponda kwa kuyapitishia trekta, akayauza mjini Flint na kupata dola 84. Alifanya hayo mchana kweupe, mbele ya macho ya wapita njia. Alipohojiwa alieleza kila kitu bila kuficha: alidhani yametupwa.

Hakimu wa mwanzo alimwambia wakili wake kwamba hilo halina maana. Eneo ni la serikali, vyuma ni vya serikali, amevichukua bila ruhusa, basi nia inaonekana kwa kitendo chenyewe. Baraza la wazee wa mahakama, yaani raia wanaoamua kama mtu ana hatia, halikuachiwa hata nafasi ya kupima kama mtu yule aliamini alichokisema. Akahukumiwa miezi miwili jela au faini ya dola 200. Akakata rufaa, akashindwa. Akaendelea mpaka Mahakama ya Juu, na mwaka 1952 mahakama hiyo ikaifuta hukumu. Jaji Robert Jackson, aliyeandika uamuzi, alieleza kwamba nia ni sehemu ya kosa la wizi hata pale sheria iliyotumika isipoitaja kwa jina, na kwamba hakimu hana ruhusa ya kuidhania tu kutokana na kitendo cha kuchukua. Lazima ithibitishwe kama kinavyothibitishwa kitendo.

Nimeisimulia kwa kirefu kwa sababu kitu kimoja katika kesi ile hunigusa kila ninapoikumbuka. Morissette hakuwa na hoja ya siri wala shahidi mpya. Alisema jambo lile lile kwa mpelelezi, kwa hakimu, na kwa majaji wa ngazi mbili za rufaa. Kilichobadilika ni kwamba hatimaye alipatikana mtu aliyeona kwamba jambo lile ni jibu la swali la kisheria. Na liliweza kuonekana huko juu kwa sababu lilikuwa limeandikwa huku chini. Wakili wake alilitamka, mwandishi akalinukuu, na jibu la hakimu likanukuliwa nalo. Kama kungekuwa na mkalimani kama mimi siku ile, Mahakama ya Juu isingekuta kitu cha kusoma.

Uingereza nayo inayo ya kwake, kesi ya Lloyd ya mwaka 1985. Mrusha filamu wa sinema alikuwa akizitoa filamu kwa saa chache, wenzake wanazinakili kwa biashara, kisha anazirudisha. Hakuna aliyesema ni jambo jema. Mahakama ya Rufaa ilifuta hatia ya kula njama ya kuiba, kwa kuwa filamu zilirudi zikiwa na thamani ile ile ya kuonyeshwa. Kama kosa lilikuwepo, lilikuwa ni la kunakili, na lina sheria yake.

Sasa nia huthibitishwaje? Nimewasikia waendesha mashtaka wakilalamika kwamba hawawezi kuingia ndani ya kichwa cha mtu. Ni kweli, na hakuna anayewataka waingie. Nia husomwa kwa alama. Mtu aliyeficha kitu, aliyekwangua namba za mashine, aliyedanganya alipoulizwa mara ya kwanza, aliyetafuta mnunuzi, aliyehama nyumba usiku: hao wameacha alama. Aliyebeba mchana, aliyepita mbele ya mlinzi, aliyemwambia mwenzake "naondoka nayo", aliyepiga simu kuulizia, aliyekitumia kitu na kukiweka pale pale kinapoonekana, naye pia ameacha alama, ila zinaelekea upande mwingine. Kazi ya mahakama ni kuzipima za pande zote mbili. Mimi nimekaa kwenye kesi ambazo shahidi wa mashtaka mwenyewe alisema mshtakiwa alipita getini akiwa amebeba kitu begani, akamsalimia mlinzi, na katika hukumu maelezo hayo hayakutajwa hata kwa mstari mmoja.

Niongeze jambo kuhusu wanaokimbia. Kukimbia kunachukuliwa kama ungamo. Nimewatafsiria watu wengi waliokimbia, na wengi wao walikimbia kwa sababu kundi la watu lilikuwa linakuja likipiga kelele za mwizi, na kila mmoja wetu anajua kundi kama hilo humfanya nini anayesimama. Woga ule msiusome kama nia ya kuiba mpaka muwe mmeuliza alikuwa anamkimbia nani.

Wajibu wa kuthibitisha nao uko wapi, hilo lilishamalizwa. Mwaka 1935, katika kesi ya Woolmington, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ilisema ni juu ya upande wa mashtaka kuthibitisha hatia ya mshtakiwa, naye hana deni la kuthibitisha kwamba hana hatia. Kesi ile ilikuwa ya mauaji, na kanuni yake imeenea kwenye makosa mengine na katika nchi nyingi. Hata pale mtu anapokutwa na mali iliyoibwa karibuni, jambo ambalo mahakama zina haki ya kulitilia shaka, kinachotakiwa kwake ni maelezo tu. Kesi ya Schama na Abramovitch ya 1914, iliyohusu kupokea mali ya wizi, iliweka kipimo ambacho mpaka leo naona ni cha kiungwana: kama maelezo ya mshtakiwa yanaweza kuwa kweli, basi aachiwe, hata kama wanaomsikiliza hawajashawishika kwamba ni kweli. Linganisheni na sentensi niliyoitafsiri mara nyingi mno kwenye hukumu: "Mshtakiwa ameshindwa kuishawishi mahakama kwamba alikuwa na nia ya kurudisha." Sentensi hiyo imeuhamisha mzigo kutoka bega moja kwenda jingine, na mara nyingi aliyeiandika hakukusudia hivyo. Ndiyo maana naomba majaji wa rufaa muitafute. Ikiwemo katika hukumu, kuna sababu ya rufaa hapo, hata kama mrufani hakuitaja.

Maana hatajua kuitaja. Mimi nimeziona rufaa zinazotoka gerezani. Zimeandikwa kwa mkono kwenye karatasi ya mistari, herufi nzuri, mara nyingi ni mwandiko wa mfungwa mmoja anayewaandikia wenzake. Sababu ya kwanza: hakimu alikosea katika sheria na katika ukweli wa mambo kwa kunitia hatiani. Sababu ya pili: hakimu hakuuzingatia utetezi wangu. Sababu ya tatu: adhabu ni kubwa. Rufaa kumi, sababu zile zile tatu, zimenakiliwa kutoka rufaa ya mtu aliyetoka mwaka wa nyuma yake. Ndani ya mafungu hayo umefichwa ukweli wa mtu mmoja mmoja, kwamba huyu alidhani kitu ni chake, huyu alikopeshwa na mtoto wa mwenye mali, huyu alibeba begi linalofanana na lake. Kama ningekuwa na nafasi ya kumwambia kila mmoja wao jambo moja, ningemwambia aandike hivi: ni shahidi gani wa mashtaka aliyezungumzia nilichokusudia? Yuko ukurasa wa ngapi? Kama hayupo, liseme hilo. Kama alikuwepo na alichosema kinakusaidia, onyesha kwamba hukumu ilimruka.

Ila ili aandike hivyo ni lazima awe na mwenendo wa kesi mkononi, yaani kumbukumbu ya yote yaliyosemwa mahakamani. Na hapa ndipo ninapogombana nanyi hasa.

Haki ya kupeleka hatia yako mbele ya mahakama ya juu imo katika ibara ya 14 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966, ibara ile ile inayompa mshtakiwa mkalimani wa bure. Nchi zetu zimeuridhia. Lakini haki hiyo ina saa ukutani. Kenya inatoa siku 14. Tanzania inataka notisi ya kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 10, kisha rufaa yenyewe ndani ya siku 45. Uingereza, kwa hukumu za Mahakama ya Taji (Crown Court, inayosikiliza makosa mazito), ni siku 28. Siku hizo zinaanza kuhesabiwa mtu akiwa kwenye gari la magereza, hajajua hata atalala wapi, hajapata karatasi, hajapata kalamu, na nakala ya hukumu haijachapwa. Sheria ya Tanzania ina kifungu cha busara hapa: muda unaotumika kupata nakala za mwenendo na hukumu hauhesabiwi katika zile siku 45. Naomba kila nchi iige hilo, na naomba zaidi, kwamba nakala ipelekwe gerezani bila kuombwa. Mfungwa asiandike barua tatu za kuomba karatasi inayomhusu yeye.

Kwa vifungo vifupi jambo hili ni zito kuliko linavyoonekana. Wizi mdogo huleta miezi mitatu, minne, sita. Nakala inapochukua miezi minne kutoka masijala, rufaa inasikilizwa mtu ameshatoka, na nimemsikia wakili wa serikali akisema mbele ya jaji kwamba rufaa imepitwa na wakati. Imepitwa vipi? Adhabu ndiyo iliyokwisha. Hatia iko pale pale, inamfuata kwenye kila fomu ya kazi atakayojaza. Kwa kesi za namna hii, ambazo nia ndiyo ubishani pekee na kifungo ni kifupi, dhamana ya kusubiri rufaa ingekuwa jambo la kawaida, isiwe bahati.

Waheshimiwa majaji, mahakama ya kwanza ya rufaa ina nguvu kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilisema mwaka 1972, katika kesi ya Okeno, kwamba mrufani wa kwanza anastahili ushahidi wote upimwe upya, na mahakama ya rufaa ifikie uamuzi wake yenyewe, ikikumbuka tu kwamba haikuwaona mashahidi kwa macho. Kupima upya maana yake ni kuuliza tena swali la nia tangu mwanzo. Nimeona hukumu za rufaa zinazosema, "mrufani alikutwa na mali, mali ilitambuliwa, rufaa inatupwa." Hapo kilichopimwa ni kitendo tu, ambacho mrufani hakukipinga.

Na kuhusu kukiri kosa, mahakama hiyo hiyo iliweka utaratibu mwaka 1973 katika kesi ya Adan. Shtaka na vipengele vyake vyote muhimu vielezwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa. Jibu lake liandikwe, na kadiri inavyowezekana liwe kwa maneno yake mwenyewe. Maelezo ya kosa yasomwe, naye apewe nafasi ya kuyapinga au kuongeza. Akisema jambo lolote linaloleta shaka kuhusu hatia, liandikwe, na kukiri kufutwe. Huu ni utaratibu wa zaidi ya miaka hamsini. Mimi niliufundishwa. Siku ile, kwa benchi lililojaa na kalamu iliyokuwa inasubiri, niliuvunja kwa kunyamaza.

"Kipengele" ni neno la darasani. Mtu aliye kizimbani ukimwambia "unashtakiwa kwa kuiba", anasikia "kilionekana kwako". Katika Kiswahili cha kila siku, anayekwambia "ni kweli" mara nyingi anakubali kisa, hajakubali jina ulilokipa kisa hicho. Ndiyo maana naomba swali la hakimu libadilike. Asiulizwe ni kweli au si kweli. Aulizwe mawili: Ulichukua? Kisha: Ulipochukua, ulikusudia kukifanyia nini? Jibu la pili liandikwe kwa lugha aliyosema, hata kama ni mistari minne, na tafsiri ikae chini yake. Mashine za kurekodi sauti zipo, na mahakama chache zinazitumia. Zikiwepo kila chumba, makosa kama langu yatasikika na jaji yeyote atakayetaka kusikiliza.

Kwa waendesha mashtaka nina ombi dogo. Kabla hamjatia saini hati ya wizi, fungueni jalada la polisi mwone kama mpelelezi aliwahi kumuuliza mshukiwa alichukua kwa nini, na kama alikwenda kulihakiki jibu. Yule mwenye geti lililokuwa likimaliziwa alikuwepo. Angeulizwa, ingejulikana kama kulikuwa na kazi au hakuna, na labda maelezo ya kijana yangeonekana ya uongo, nami nisingekuwa na barua ya kuandika. Hakuna aliyekwenda.

Wenye mali watasema nawatetea wezi. Nimewatafsiria pia wao. Nimemtafsiria mama aliyeibiwa cherehani aliyokuwa akiwalishia watoto, akalia mpaka hakimu akaahirisha kesi kwa nusu saa. Simtaki aliyemfanyia vile atoke kwa ujanja wa maneno. Aliibeba usiku kupitia dirishani na kuiuza kabla hakujakucha, na nia yake ilithibitishwa mchana ule ule bila shida, kwa sababu upande wa mashtaka ulimleta mnunuzi. Kesi ile ilikuwa imara, na hata baada ya rufaa ilibaki imara. Hivyo ndivyo mnyang'anywa anavyolindwa, kwa kuthibitisha kila kitu mara ya kwanza.

Kwa mawaziri: mkalimani ni mtu wa mwisho kufikiriwa kwenye bajeti. Wengi wetu tulikuwa makarani walioambiwa wasimame pale kwa sababu wanajua lugha. Hatukufundishwa kwamba tuna ruhusa ya kuinua mkono na kusema, "Mheshimiwa, hajamaliza." Mfundisheni kila anayeanza kazi hiyo kuisema sentensi hiyo, na hakimu afundishwe kuipokea bila kukunja uso.

Nirudi kwa kijana. Aliomba nakala akiwa ndani. Ilifika akiwa amebakiza wiki chache. Rufaa ilisikilizwa akiwa nje. Alikuja na shati lililopigwa pasi, amesimama peke yake bila wakili. Jaji alisoma kumbukumbu, akakuta imeandikwa kwamba mrufani alikiri kosa, na kwa mtu aliyekiri sheria inaruhusu rufaa juu ya adhabu tu. Akamwambia hivyo kwa upole. Jaji hakukosea kwa kile kilichokuwa mbele yake. Mimi nilikuwa chumba kile kile, natafsiri, na nilimtafsiria kijana kila neno la jaji kwa ukamilifu. Alinitazama nilipomaliza. Akaniuliza, si kwa hasira, "Ile ya Jumatatu hawakuiandika?"

Jalada lake bado liko masijala. Mahakama ya juu ina mamlaka ya kuliitisha na kulifanyia mapitio bila kusubiri rufaa nyingine, na nimeshapeleka ombi hilo kwa maandishi, pamoja na nia yangu ya kula kiapo juu ya maneno niliyoyasikia asubuhi ile na ambayo sikuyatafsiri. Sijajibiwa. Naomba niitwe.

Wenu katika kazi,
Mkalimani wa mahakama, mstaafu